Gari la Masele na Senene wa Mama

Baba yangu, Privatus, alifanya kazi bandarini Mwanza mpaka akastaafu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha meli ya Bukoba inaondoka saa yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiamuru ngazi iondolewe. Kuna siku aliamuru iondolewe wakati shemeji yake, kaka wa mama, amebakiza hatua chache aifikie, jogoo mkononi, anapunga kofia. Meli ikaondoka. Mjomba akalala kwetu siku hiyo, akala mezani na baba, na baba akamuuliza kama jogoo naye amekula. Zaidi ya hapo hakuona kama kuna jambo la kuzungumza.

Nalisema hili mwanzoni ili ieleweke nilikuwa na shida gani nilipompenda mwanamume mwenye gari linalozima njiani.

Masele ni bwana mifugo, anakaa Sengerema. Kutwa nzima yuko kwenye maboma ya watu anachanja ng'ombe, anawapandisha mimba kwa njia ya kitaalamu, anasuluhisha ugomvi wa ndama. Gari lake ni dogo, jeupe, la Kijapani, la zamani kiasi kwamba mlango mmoja una weupe wa aina nyingine. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama na hakutaka kuhama nalo. Hilo peke yake lingetosha kumwambia kitu, lakini Masele si mtu wa kushuku watu.

Mara ya kwanza alipokuja kwetu kujitambulisha ilikuwa msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa kwao mama, upande wa Bukoba. Alikuwa ametumwa na kazi hadi Muleba, na huko akapita kwa mama yangu mdogo, Paskazia, ambaye alimpa kikapu cha senene waliokaangwa vizuri, ampelekee dada yake. Mama yangu anaitwa Kemilembe. Kwa mama, senene si kitafunwa. Ameishi Mwanza miaka mingi, amezoea sato, amezoea ugali wa muhogo, amezoea hata joto, lakini senene wakifika hukaa peke yake barazani, kikapu mapajani, na mtu haruhusiwi kumletea habari mbaya.

Siku hiyo Masele alifika mapema. Baba akaangalia saa ya ukutani, akaangalia ya mkononi, akasema karibu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mama alipofungua kikapu. Akachukua senene mmoja, akatafuna, akaacha kutafuna. Hakutema, maana mama ni mtu wa heshima. Alimeza, akanywa maji, akafunika kikapu.

Walikuwa wananuka petroli. Walikaa kwenye buti la lile gari kutoka Muleba, na petroli ilikuwa imewaingia mpaka kwenye miguu. Baadaye mama akawamwagia kuku, na kuku wakaja mbio, wakadonoa, wakaondoka. Haya yote Masele aliyaona kupitia dirishani, akiwa ameketi na soda. Kwao Usukumani, katika ukoo wao, mama mkwe hatazamwi usoni, haliwi chakula mbele yake, wala mtu hakai naye karibu. Sasa mtu ambaye hata macho huwezi kumtazama, utaanzaje kumweleza kwa nini senene wake wananuka petroli? Akaaga, akaondoka, na nilimwonea huruma sana.

Kuanzia hapo gari likaanza kuzima.

Mara ya pili Masele alialikwa kwetu Jumamosi ambayo jumuiya yetu ilikuwa inasali nyumbani. Alipofika, watu walikuwa wameshasali, wameshakula, na sahani zinaoshwa. Akasema gari limezima njiani baada ya kuvuka daraja, likakaa, likagoma kabisa kuwaka, halafu likawaka lenyewe kana kwamba halikuwa na tatizo. Alikuwa ameleta kikapu kingine kutoka kwa mama mdogo. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akawapa akina mama wa jumuiya bila kuinua kifuniko. Nilitamani ardhi inimeze, nikaenda kuosha sahani.

Mara ya tatu ilikuwa Krismasi, na ilikuwa hivyohivyo. Gari limezima kati ya Kigongo na Usagara, limegoma, limekaa, limewaka. Kikapu kikapokelewa, kikatolewa sadaka. Wali ulikuwa umeshapoa.

Baba alinisubiri mpaka Masele alipoondoka. Hakupaza sauti, baba hapazi sauti, alizoea kupigiwa honi na meli. Akaniuliza kama gari la Masele huzima akienda kwenye maboma ya ng'ombe. Nikasema hapana, halizimi. Akaniuliza kama huzima akienda Geita kwenye vikao vyao. Nikasema hapana.

"Kwa hiyo linakwenda kwa ng'ombe kila siku halizimi," akasema baba. "Linazima likija kwangu tu."

Ilikuwa kweli. Baba akaongeza kwamba zamani mtu aliyetoka ng'ambo alikuwa na cha kusingizia, atasema kivuko kilijaa, kivuko kilisimama, upepo ulikuwa mbaya. Sasa serikali imejenga daraja Busisi, na visingizio vyote vimebaki majini. Akasema atampa siku moja zaidi. Aje na mzee wake wa ukoo kuleta posa, Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa nne asubuhi. Akichelewa, ngazi imeondolewa.

Nilimjua baba. Nilimkumbuka mjomba na jogoo wake. Nilikwenda chumbani nikalia kidogo, halafu nikaacha, kwa sababu kulia hakuliwashi gari.

Tukalipeleka kwa fundi. Fundi wetu alikuwa Chenge, ana gereji Mabatini nyuma ya maduka ya nondo, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Asiyewahi kupeleka gari gereji hapa kwetu nimweleze jambo moja: gari halilazwi gereji likiwa na mafuta tangini. Sisemi kwamba mafundi wanaiba. Nasema tu kwamba mafuta yakilala gereji huamka yamepungua, na kila mwenye gari anajua. Kwa hiyo Masele akaegesha pembeni kabla hatujafika, akayanyonya kwa mpira, akayatia kwenye dumu, akabakiza ya kuzungukia tu. Akaniambia nikae upande wa pili wa barabara, petroli isije ikanimwagikia kwenye gauni. Nilimwona ni mtu wa kujali. Nilikaa upande wa pili nikanunua karanga.

Chenge alilisikiliza gari. Akaliwasha, likawaka. Akalizima, akaliwasha tena, likawaka. Akasafisha plagi, ambazo hazikuwa chafu. Akabadilisha chujio la mafuta. Akaangalia waya zote moja moja, akizisogezasogeza huku injini inanguruma, na injini haikushtuka. Kesho yake akalitoa barabarani yeye mwenyewe mpaka Usagara na kurudi, likaenda kama gari la harusi. Akasema huenda ni pampu ya mafuta, zikipata joto huwa zinalegea. Akabadilisha pampu. Likawaka vilevile lilivyokuwa likiwaka na pampu ya zamani.

Tulikaa kwenye benchi lake tukimtazama anajifuta mikono. Masele alimweleza tena: linazima, linagoma, linakaa, linawaka. Chenge akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba gari ni zima, na kama kuna kitu kibovu basi huenda ni dereva, lakini yeye hatengenezi madereva.

Nilikasirika njia nzima. Nilianza kulichukia lile gari kama mtu anavyomchukia wifi. Nilijiambia lina hila, kwamba linajua wapi lizime na wapi lisizime. Kwa wiki nzima Masele alikwenda nalo huku na huko, Sengerema, Busisi, Katunguru, likawa halina tatizo. Kila jioni alinipigia simu akanipa taarifa: halijazima. Na kila alivyosema halijazima, mimi nilizidi kuogopa, maana nilijua linaitunzia Jumamosi.

Alhamisi akaenda Muleba kikazi kwa gari la ofisi, akapita kwa mama mdogo, akapewa kikapu. Nilimsihi asikichukue. Akasema anawezaje kuja kuposa mikono mitupu, na isitoshe ameshakipokea.

Jumamosi asubuhi nyumba yetu ilikuwa imepigwa deki mpaka vigae vinateleza. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake anaelekea mlangoni, amevaa koti, saa ya mkononi ameivua ameiweka juu ya meza mbele yake. Hapo ndipo simu yangu ilipoita. Nikatoka nayo uani.

"Noela," akasema Masele, "limezima."

Nikamuuliza wapi. Akasema wamepita Kigongo, hawajafika Usagara, yuko na baba yake mdogo, mzee Shimba, wameliegesha kwenye nyasi. Akasema amepiga stata mara moja limegoma, lakini nisiwe na wasiwasi, likikaa kidogo litawaka na watakuja, watachelewa kidogo tu. Kidogo tu. Aliniambia hivyo mimi, binti wa Privatus.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nadhani lilitoka kwenye hasira.

"Usiliwashe," nikamwambia.

"Lakini likikaa huwa linawaka."

"Ndiyo maana nakuambia usiliwashe. Usiliguse. Asiliguse mtu."

Nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele ya baba, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya tangu nipate kazi. Nikamuuliza kama enzi zake meli ikiharibika katikati ya ziwa walikuwa wanahesabu kwamba imechelewa. Baba akaniangalia. Akasema meli iliyoharibika si meli iliyochelewa, hayo ni mambo mawili. Nikamuuliza walikuwa wanajuaje kwamba imeharibika kweli, na si nahodha aliyelala. Akasema anatumwa mtu wa bandari na boti anakwenda kukagua.

"Basi nenda kakague, baba," nikasema. "Meli ya Masele imezima, iko Usagara."

Mama akasema kwa utaratibu kwamba haijawahi kutokea baba wa binti akatoka kwenda kuwafuata waposaji barabarani, kana kwamba binti ni mzigo anaotaka kuutua. Alikuwa anasema kweli, na aibu iliniwaka mashavuni. Baba alikuwa ameshaichukua ile saa, anaifunga mkononi.

"Hatuendi kuwapokea," akasema. "Tunakwenda kukagua."

Tukakodi teksi. Mama alikataa kubaki, akasema kama ni aibu basi ataiona kwa macho yake. Alikaa nyuma pamoja nami, mkoba mapajani. Baba alikaa mbele akimwelekeza dereva barabara ambayo dereva huipita kila siku. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kitu ambacho sidhani kama kuna msichana mwingine amewahi kukiomba siku ya posa yake: gari la mchumba wangu lisiwake.

Tuliwakuta kandokando ya lami. Mzee Shimba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mwenyewe, amevaa suti ya kahawia na viatu vilivyong'arishwa, fimbo katikati ya magoti, anatazama magari yanavyopita kama mwenye duka. Masele alikuwa amesimama mbele ya gari lake amelikinga kwa mwili wake, funguo amezishika kwa ncha za vidole kana kwamba ni chafu. Alikuwa amelilinda gari lisiwake. Nilimpenda sana wakati ule.

Wakasalimiana. Mzee Shimba alisimama, akavua kofia, akampa baba mkono, wakaulizana habari za ng'ombe na za ziwa kama watu waliokutana msibani. Masele alimwamkia baba shikamoo, kisha akageuza uso pembeni akamwamkia mama shikamoo akiangalia mashamba ya mpunga. Mama akaitikia marahaba kutoka ndani ya teksi. Hakushuka.

"Washa," baba akamwambia Masele.

Masele akaingia, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akaacha. Akapiga tena. Vilevile. Sijawahi kufurahi namna ile. Nilitaka kumkumbatia mzee Shimba.

Lakini baba hakuwa amemaliza. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, akasema injini inazunguka vizuri, betri nzima, kwa hiyo hili gari halina tatizo lolote ila halina mafuta. Masele akamwonyesha mshale kwenye dashibodi, amejaza tangi jana jioni. Baba akasema hajawahi kuamini mshale wowote maishani mwake, kwenye meli walikuwa wanapima kwa mti. Akavunja kijiti kwenye kichaka, akakisafisha majani kwa kidole gumba, akaanza kwenda nyuma ya gari.

Masele akamtangulia. Akasimama mbele ya kifuniko cha tangi, mikono nyuma.

"Baba, naomba usifungue."

Baba akasimama. Mzee Shimba akaacha kutazama magari. Nikakumbuka kwamba kila tulipokwenda kituo cha mafuta Masele alikuwa akishuka mwenyewe kufungua tangi na kulifunga mwenyewe, hakuwahi kumwachia mhudumu, nami nilidhani ni kwa sababu ya uangalifu. Nikakumbuka alivyonipeleka upande wa pili wa barabara nikanunue karanga. Nikaanza kufikiria vitu ambavyo mtu anaweza kuficha kwenye tangi la mafuta, na vyote vilikuwa vibaya.

"Kuna nini humo?" akauliza baba.

"Hakuna kitu, baba. Ni aibu tu."

Baba akasema aibu haizuii ukaguzi. Akamsogeza kwa kijiti, taratibu, kama mtu anavyosogeza mbuzi mlangoni. Akafungua kile kimlango. Ndani, mfuniko wa tangi ulikuwa umevishwa plastiki ya rangi ya chungwa, imekunjwa mara kadhaa, imekazwa kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli. Baba akaushika mfuniko akaanza kuuzungusha. Haukutaka. Akaweka kijiti chini akatumia mikono yote miwili. Ulipoachia, tangi likavuta pumzi. Sote tulisikia, hata dereva wa teksi. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka kutoka majini, na ile plastiki ikafyonzwa ndani ya mdomo wa tangi, ikabaki inatikisika.

Baba hakupima mafuta. Alisimama na mfuniko mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona uso wake umelegea.

"Washa," akasema.

Likawaka mara moja.

Akamwambia azime. Akazima. Awashe. Likawaka. Kisha baba akamgeukia mzee Shimba, kwa kuwa ndiye aliyelingana naye umri, akamweleza kwamba tangi lolote lazima lipumue. Mafuta yakitoka, hewa iingie. Kwenye meli kila tangi lina bomba lake la kupumulia, na mtu aliyeziba bomba lile alikuwa anafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Hapa pampu inavuta mafuta, hewa haiingii, inavuta mpaka inashindwa, gari linazima. Likikaa, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka tena. Mzee Shimba akaitikia kwa kichwa, akasema hata mtungi wa maziwa uliozibwa sana haumiminiki.

"Sasa nani ameziba?" akauliza baba. "Na hii ni nini?" Alikuwa amechomoa ile plastiki, akaikunjua. Ikazidi kukunjuka. Ilikuwa glovu, lakini ndefu, inayofika begani, na kidole kimoja kilikuwa kimekatwa.

Masele akaangalia viatu vyake. Akasema ni glovu ya kazini.

"Kazi gani inahitaji glovu ya urefu huu?"

Masele akaeleza, kwa maneno ya kiofisi, namna ng'ombe anavyopandishwa mimba kitaalamu na mkono unavyoingia na unakoingilia. Baba akaishika ile glovu kwa vidole viwili. Mzee Shimba akageuka kutazama magari.

Halafu yote yakatoka. Alisema siku ile ya kwanza aliona senene wanavyomwagwa, akawaona kuku wanaondoka. Akaenda nyumbani akalifungua buti, akalinusa kila mahali mpaka kichwa kikamuuma, akagundua harufu inatoka kwenye mfuniko wa tangi na kwenye kabomba kembamba kaliko ndani ya buti. Akavisha mfuniko glovu. Kale kabomba akakaziba kwa kile kidole kilichokatwa. Akaacha buti wazi kutwa nzima, akaliosha kwa sabuni na ndimu. Na kila alipokuwa anatuletea senene alihakikisha vimefungwa vizuri, na asipokuwa na senene alivifungua, kwa sababu glovu kama ile mtu hatembei nayo hadharani. Gereji nako alivifungua, kwa kuwaonea haya mafundi. Hakuwahi kufikiria kwamba ndicho kinacholizima gari. Hakuweza kuniambia mimi, kwa sababu ningemwambia mama.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sikujua nicheke au nimpige. Miezi yote ile nilikuwa nalisingizia gari hila. Halikuwa na hila hata kidogo. Lilikuwa linazima siku za senene tu, siku za mama tu, kwa sababu ya mwanamume aliyekuwa anaogopa kumlisha mama yangu petroli mara ya pili. Alikuwa anachelewa kwa ajili ya adabu. Nilishukuru lori la ng'ombe lilipopita wakati ule likatupulizia vumbi sote, maana nilipata sababu ya kujifuta macho.

Mlango wa teksi ukafunguka. Mama akashuka, akakunja ncha ya kitenge isiguse nyasi, akaja. Masele akageuza uso upesi. Mama akaitazama ile glovu mkononi mwa baba, kuanzia begani mpaka kwenye vidole vinne.

"Ilikuwa mpya?" akauliza.

"Mpya, mama," Masele akawaambia mashamba ya mpunga. "Nilifungua pakiti."

Mama akaenda kwenye buti, akalifungua mwenyewe. Akainua kifuniko cha kikapu, akainama, akanusa. Akachukua senene mmoja. Akamtafuna taratibu, na wanaume wote wanne, dereva wa teksi akiwemo, walisubiri hapo kandokando ya lami. Akameza. Akachukua wa pili.

"Hawanuki," akasema.

Baba akaangalia saa. Saa nne ilikuwa imeshapita zamani, kila mtu alijua. Akaivua saa ile mkononi, akaitia mfukoni.

"Chombo kiliharibika njiani, kimekaguliwa," akamwambia mzee Shimba. "Hakikuchelewa." Akamrudishia Masele glovu, akamwambia airudishe kwa ng'ombe. Kisha akaharakisha kwenye teksi, kwa sababu, alisema, baba wa binti lazima akutwe nyumbani kwenye kiti chake na si barabarani, na sisi tusimpite njiani, na tukifika tubishe hodi kama watu tunaotoka mbali. Teksi ikaondoka na vumbi lake. Mama hakuwa amepanda.

Alikuwa amebeba kikapu, amesimama ubavuni mwa gari la Masele, upande wa mbele. Akafungua mlango, akakaa, akakiweka kikapu mapajani.

Masele akabaki amesimama nje na funguo. Mzee Shimba akakohoa, akabeba kigoda chake, akasema kwa heshima zote kwamba mama atusamehe, lakini kwao mkwe hakai kiti cha mbele pamoja na mkwe wake, haijawahi kuonekana.

"Na kwetu senene hawakai kwenye buti," akasema mama. "Gari lipumue. Hawa nitawashika mwenyewe."

Masele akaingia kwa ubavu, akakaa ameegemea mlango wake kabisa, akaendesha akiwa ameikazia macho barabara kana kwamba inaweza kutoroka. Jasho lilimtiririka shingoni. Mimi na mzee Shimba tulikaa nyuma, kigoda katikati yetu. Tulipita Usagara, tukapita Buhongwa, gari likaenda. Petroli ilinukia kidogo kutoka huko nyuma, na hakuna aliyeitaja.

Tulipokaribia Mkuyuni mama akainua kifuniko cha kikapu, akachota senene, akanyoosha mkono kuelekea upande wa dereva. Hakumtazama. Alikuwa anatazama ziwa kwenye dirisha lake, mkono umenyooka, umejaa, unasubiri. Masele alitoa mkono wake mmoja kwenye usukani, akapokea, akatia mdomoni, akatafuna mbele ya mama mkwe wake mchana kweupe. Mzee Shimba akafumba macho ili asije akaulizwa na ukoo alichokiona.